Udhamini na Suti ya Mwalimu Mkuu

Katika maisha yake ya upelelezi, kwanza akiwa polisi na sasa akiwa mwanamke mstaafu mwenye goti bovu, Sajenti alikuwa amefuatilia waume waliodai wako safarini, wafanyakazi waliodai wanaumwa mgongo, na mbuzi mmoja aliyedaiwa amekufa kumbe yuko sokoni anauzwa. Hakuwahi kumfuatilia wakili. Kwa hiyo Mama Dobi alipomwambia, "Nataka unichunguzie wakili wangu," alikiweka kikombe cha chai chini na kumtazama vizuri.

"Amefanya nini?"

"Bado hajafanya kitu. Ndiyo maana nimekuita asubuhi hii na si kesho."

Walikuwa wamekaa chumba cha nyuma cha udobi, katikati ya mvuke na nguo za watu. Mashati yalitundikwa safu juu ya safu mpaka darini, na mtu akitaka kupita ilibidi ayapangue kwa mikono kama anayeogelea. Mama Dobi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na alizungumza huku anapiga pasi, kwa sababu hakujua kuzungumza bila pasi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wiki iliyofuata angeingia chumba cha upasuaji, moyo wake ufunguliwe na ufungwe tena. Madaktari walisema atapona, lakini walisema kwa sauti ile ya kubembeleza, naye alikuwa ameishi vya kutosha kuijua. Alikuwa na watoto watatu. Kifungua mimba, mtaa mzima ulimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kupendeza. Wa pili, binti, alikuwa muuguzi mji mwingine. Na kitinda mimba ndiye aliyemnyima usingizi. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini akili yake ilisimama utotoni na haikutaka kusogea. Waliomjua walimwita Chukua.

"Kwa nini Chukua?"

"Utaona mwenyewe. Mimi ninachotaka ni kimoja tu. Nikifa, mwanangu asitolewe kwenye nyumba hii. Huku chini ni kazi, huku juu ni kitanda chake. Nikimwandikia jina lake, ataigawa kabla matanga hayajaisha. Nikimwandikia mwingine..." Aliligeuza shati upande wa pili. "Ndipo Bosi akaniletea wakili. Anasema dawa yake ni udhamini."

"Udhamini ni nini?"

"Wakili anasema ni jambo la kisheria."

"Hilo nimelielewa."

"Basi umefika pale nilipofika mimi."

Wakacheka kidogo. Kisha Mama Dobi akasema kilichokuwa kinamkereketa. "Kila nikimuuliza swali, ananijibu vizuri mno. Papo hapo, bila kusita. Mtu anayeijua kazi yake hukuna kichwa kidogo, Sajenti. Huyu hakuni. Na leo alasiri natakiwa kutia sahihi."

Sajenti alikuwa anafungua mdomo kuuliza ofisi iko wapi, pazia la mbele likapanuliwa kwa fujo na tumbo likaingia. Nyuma ya tumbo alikuja mwenyewe, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mkubwa kila upande.

"Mama, suti yangu!" alisema. "Jumamosi namwoza binti yangu. Nitamsindikiza na taulo?"

Mama Dobi aliishusha pasi. Suti ile, ya kijivu yenye mistari, ilikuwa imepotea tangu juzi, na katika miaka yake yote ya kufua hakuwahi kupoteza hata soksi. Aliomba radhi kwa sauti ndogo. Kabla hajamaliza, kijana wake mkubwa akateremka ngazi, koti la buluu limemkaa utadhani kazaliwa nalo.

"Mwalimu, shikamoo. Usimlaumu mama," Bosi alisema. "Sote tunajua suti iko wapi. Kuna mpita njia kaisifu, na mdogo wangu kamwambia chukua. Ndiyo maana tunamtafutia mdhamini wa kumsimamia. Mimi mwenyewe nitaubeba mzigo huo, japo ni mzito."

Alisema "mzito" huku anarekebisha vifungo vya mikono. Sajenti aliyaona hayo, akayaweka akiba.

Mwalimu mkuu alipoondoka akilalamika, Sajenti aliomba kumhoji mtuhumiwa. Chukua alikuwa uani, juu ya kigoda, anashona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alama ya wino hufutika kwenye maji, kwa hiyo kwenye udobi huu kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi na idadi yake ya mafundo, na Chukua ndiye aliyevishona ndani ya kola. Alivijua vyote kwa kichwa. Pembeni yake paliwekwa kofia ya sufu ya zambarau yenye kishada juu.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, Shangazi."

Sajenti alikaa chini kwa awamu, goti kwanza. Mbinu yake ya kuhoji aliijua kila mhalifu wa zamani. Alikuwa akiuliza swali moja la kijinga, halafu ananyamaza mpaka mtu anaona aibu.

"Ile suti ya kijivu ulimpa nani?"

Chukua aliendelea kushona. Sajenti akanyamaza. Chukua naye akanyamaza, tena bila shida yoyote, akipuliza puliza uzi. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Sajenti ndiye aliyeona aibu.

Akabadilisha njia. Mbele yao, kwenye kamba, ilining'inia blauzi ya hariri ya mteja. "Blauzi nzuri sana hii," alisema.

"Si yangu," Chukua alijibu.

"Hata mkanda ule?"

"Si wangu. Ni wa fundi saa."

Sajenti akaitazama kofia ya zambarau. Hakuwahi kuona kitu kibaya namna ile. "Na kofia hii je? Nzuri kweli."

Uso wa Chukua ulichanua. Aliinyanyua kwa mikono miwili na kumpa. "Chukua!"

"Hapana, baba, nilikuwa natania..."

"Chukua, Shangazi." Sauti ilianza kutetemeka, midomo nayo. Sajenti aliyewahi kumkamata jambazi mwenye panga hakuweza kuustahimili mdomo ule. Akaivaa kofia.

Hivyo alitoka pale na kishada kinamchezea kisogoni, na jambo moja la uhakika. Chukua aligawa vya kwake mpaka vikaisha, lakini cha mtu hakukigusa. Kwa hiyo suti haikutolewa, ilichukuliwa. Na aliyeichukua alijua kwamba lawama itamwangukia nani.

*

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo vya plastiki. Rangi ya ukuta ilikuwa bado inanuka. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye neno WAKILI kwa herufi kubwa, na chini yake hapakuwa na jina, ila kwa kalamu ya mkono: *Karibuni nyote*.

"Karibuni nyote!" alisema mwenye ofisi, ingawa Sajenti alikuja peke yake. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, sauti yake nene na tamu. Mezani hapakuwa na faili hata moja. Rafuni kulikuwa na vitabu vinene vilivyopangwa kwa rangi, na kimoja, Sajenti alipokodoa macho, kilihusu ufugaji wa kuku wa mayai.

Sajenti alijifanya mjane anayetaka kumwekea mjukuu wake shamba. Akauliza udhamini ni nini.

"Swali zuri sana!" Wakili alisimama, akasogea katikati ya chumba. "Udhamini, kwa ufupi, ni upendo. Upendo wa mzazi, uliovaa vazi la sheria." Akasita kidogo akitabasamu, na ilimchukua Sajenti muda kutambua kwamba alikuwa anasubiri makofi.

"Na mali inakuwa ya nani?"

"Ya mdhamini. Yote. Yeye ndiye atakayejua."

"Akila?"

"Nani?"

"Mdhamini. Akiila mali, nani atamuuliza?"

"Mama yangu, kwenye familia yenye upendo hakuna kuulizana!"

Alijibu papo hapo, bila kukuna kichwa. Wakati huo Sajenti alikuwa ameacha kumsikiliza na kuanza kumtazama. Suti yake ilikuwa ya kijivu, yenye mistari, kitambaa cha bei. Lakini mabega yaliteremka mpaka karibu na viwiko, na suruali ilikunjwa kiunoni na kubanwa na mkanda hata ikafanya marinda. Ndani ya suti ile wangeenea mawakili wawili na karani wao.

Sajenti akaiachia kalamu yake. Ikabingirika mpaka chini ya meza.

"Jamani, goti langu," alisema.

Wakili, mtu mwenye adabu zake, akainama kuiokota. Kola ikafunguka kwa nyuma kama mdomo. Ndani yake palikuwa na uzi wa kijani, na mafundo mawili.

Sajenti alishukuru, akapokea kalamu yake, akaenda zake. Alishuka ngazi akiwa na furaha ambayo goti lilijaribu kuiharibu likashindwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nao hawakuwa hata wapelelezi.

Hata hivyo Sajenti hakuwa mtu wa kuhukumu kwa uzi peke yake. Huenda wakili wa kweli naye ni mteja, na nguo zimechanganyika. Akaenda kwenye chama cha mawakili, kwenye dirisha la maulizo, akataja jina alilopewa na Mama Dobi. Karani wa dirishani alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena, kisha akaitazama kofia ya zambarau kwa huruma.

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Ulishampa hela?"

"Bado."

"Basi wewe ni wa kwanza mwezi huu. Watu huja hapa wakishalizwa. Kuuliza ni bure, lakini hawaulizi."

"Na mimi nikitaka anayejua mambo ya udhamini hasa?"

"Hapo umeuliza vizuri. Wakili si wakili tu. Kuna wa ajali, kuna wa mashamba, kuna wa talaka." Akamwandikia majina matatu. "Nenda kwa wote. Muulize kila mmoja ameshafanya mangapi, na atatoza vipi. Anayekasirika ukimuuliza bei, toka."

*

Alasiri walikusanyika wote juu ya duka la plastiki. Mama Dobi alivaa gauni lake la heshima. Bosi alikuwa na koti jingine, la kahawia sasa. Chukua alikaa karibu na mama yake akiitazama kwa furaha kofia yake kichwani kwa Sajenti, ambaye alijitambulisha kama shangazi. Kwenye ngazi, nje ya mlango, tumbo kubwa lilikuwa limesimama kimya kwa makubaliano.

Wakili alifungua kikao kwa kuwashukuru waliohudhuria na wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Akasogeza karatasi na kalamu. "Mama, weka sahihi hapa, hapa, na hapa."

Mama Dobi alimtazama Sajenti.

"Samahani, Wakili," Sajenti alisema. "Kabla hajatia sahihi. Hiyo suti yako ni nzuri mno."

"Asante sana, ni ya..."

"Si yangu," Chukua alidakia, kama aliyeulizwa yeye.

Bosi aliacha kurekebisha vifungo.

"Ya nani, baba?" Sajenti aliuliza kwa upole.

Chukua aliinuka, akazunguka meza, akaifungua kola ya wakili kwa vidole viwili, kama alivyofanya kila siku ya kazi. "Kijani. Mafundo mawili. Ya mwalimu mkuu." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kazi, akaimaliza. "Shati, njano, fundo moja. La daktari wa meno." Akaishika tai, akaigeuza, akatafuta, hakuona uzi. Akaitazama zaidi. "Hii haina. Hii ni ya baba."

Mama Dobi akainuka nusu. Ile tai alikuwa ameihifadhi sandukuni tangu azikwe mumewe.

Mlango ulifunguka. Mwalimu mkuu aliingia akiwa tayari amenyoosha kidole, lakini kidole kilisimama hewani. "Wewe!" alisema. "Si wewe ndiye mshereheshaji wetu Jumamosi? Si nimekulipa kianzio?"

"Mheshimiwa," alisema wakili kwa ile sauti yake tamu, "Jumamosi bado nipo."

"Vua!"

"Hapa hapa? Mbele ya kina mama?"

"Koti kwanza," Sajenti alisema. "Suruali tutaijadili."

Mshereheshaji alivua koti huku akieleza. Yeye hakuwa mwizi. Kwenye harusi hupewa maneno ya watu akayasema, na hapa pia alipewa maneno akayasema. Aliambiwa ni mambo ya kifamilia tu, mama ana wasiwasi, anataka kutulizwa. Vitabu ni vya shemeji yake. Mwenye kumwambia alikuwa rafiki yake, yule pale, na karatasi kaiandika huyo huyo.

Hakuna aliyehitaji kutazama anakoonyesha. Mama Dobi aliichukua karatasi, akampa Sajenti, naye akaisoma kwa sauti mahali palipohusika. Nyumba na udobi vinakuwa vya mdhamini. Mdhamini ni Bosi. Mdhamini anaweza kuuza. Mahali pa kuandika nani atamuuliza mdhamini, hapakuwa na neno.

"Unaye mnunuzi?" Sajenti alimuuliza.

Bosi alinyamaza. Sajenti naye akanyamaza, na mara hii mbinu ilifanya kazi.

"Ninaye," Bosi alisema. Kisha akasema jambo ambalo Sajenti hakulitarajia, na alilisema akitazama mikono ya koti lake la kahawia, ambalo sasa kila mtu alijua kwamba lilikuwa la mtu. "Mama, mimi ni mtoto wa dobi. Tangu nizaliwe, kila nguo nzuri iliyoingia nyumbani kwetu ni ya watu. Naivaa Jumapili, Jumatatu nairudisha. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu."

Mama Dobi alikaa chini. Ilimuuma, na uso wake haukuficha. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na hakumkusudia mshereheshaji. "Umevaa za watu, mwanangu, mpaka umesahau kwamba ni za watu. Ndugu yako ana akili ya mtoto, lakini hilo hajawahi kulisahau. Na lawama ya suti ukamtupia yeye."

Bosi alisimama. Alivua koti la kahawia, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaliweka mezani. Mshereheshaji, kwa mazoea ya kazi yake, alitaka kusema neno la kufunga kikao, Sajenti akamtazama, akaacha.

*

Kumnasa wakili wa uongo kulimchukua Sajenti siku moja. Kumpata wa kweli kulimtoa jasho zaidi.

Wa kwanza kwenye karatasi ya karani alikiri mwenyewe kwamba udhamini aliusoma chuoni na hajauona tena, kazi yake ni mipaka ya mashamba. Sajenti akampenda kwa ukweli wake, akaondoka. Wa pili alikasirika kuulizwa bei. Wa tatu, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa, kisha akauliza, "Mwenye nyumba ni nani? Na kwa nini umekuja wewe?" Akamrudisha akamlete mwenyewe. Sajenti alishuka ngazi akiimba.

Kesho yake walikwenda Mama Dobi, Chukua na Sajenti. Wakili alizungumza kwanza na mama peke yake, mlango umefungwa, Sajenti naye akaambiwa angoje kwenye benchi, jambo lililomuudhi na kumridhisha kwa pamoja. Walipoitwa ndani, Mama Dobi alikuwa anafuta macho lakini mgongo umenyooka.

"Mama yako anaelewa kuliko wateja wangu wengi," wakili alimwambia Chukua, kisha akamgeukia Mama. "Tuendelee. Nguo za wateja wako ziko nyumbani kwako. Unazifua, unazinyoosha, mvua ikija unazianua. Unaweza kuzivaa?"

"Wapo wanaovaa," Mama Dobi alisema.

"Nimeambiwa. Basi mdhamini ni dobi. Nyumba itaandikwa jina la wadhamini, lakini ni kwa ajili ya huyu. Wawe wawili, ili mmoja akisinzia mwingine awe macho. Mmoja ndugu, mmoja asiye ndugu. Tutaandika nani anaweza kuwauliza, na wakikosea wanatolewaje. Tutaandika pia baada yake nyumba iende kwa nani, maana hata yeye siku moja atazeeka. Na tukishaandika, tutaihamisha nyumba yenyewe kweli. Watu wengi hutia sahihi hati nzuri, wakaiweka kabatini, nyumba ikabaki ilikokuwa. Huo ni mfuko mtupu."

"Nitie sahihi wapi?"

"Leo? Hakuna mahali. Nenda ukalale, uzungumze na binti yako muuguzi, urudi. Muda bado upo kabla ya hospitali, nami sitaupoteza."

Alipokuwa akiinuka, macho yake yalianguka kwenye mkono wa Chukua. "Saa nzuri hiyo," alisema tu, kama mtu yeyote angesema.

Sajenti alifumba macho. Mama Dobi alisema "Ee Mungu" chinichini. Ilikuwa saa ya marehemu baba yake Chukua, kitu cha mwisho ambacho hakuna mpita njia aliyekuwa bado amekisifu.

"Chukua!" Chukua alisema kwa furaha, na saa ilikuwa tayari mkononi mwa wakili.

Wakili aliwatazama wote watatu, akaelewa. Hakuirudisha, wala hakuitia mfukoni. Aliilaza katikati ya meza, pale kila mtu anapoiona. "Nimeipokea," alimwambia Chukua. "Lakini haijawa yangu. Bado ni yako. Mimi nakushikia tu. Ukifika mlangoni nakurudishia."

Chukua alikunja uso. Maisha yake yote alikuwa ametoa, na waliopokea walikwenda. Wakili aliendelea kuandika tarehe ya miadi, na Chukua hakuiondolea macho saa. Waliaga. Mlangoni wakili alinyoosha mkono, na saa ilikuwa ndani yake. Chukua aliishika, akaigeuza, akaiweka sikioni kuhakikisha kwamba ni ile ile. Kisha akacheka, kicheko kirefu kilichowafanya watu wa kwenye benchi wageuke.

Sajenti, aliyekuwa ameelezwa udhamini na watu watatu tofauti bila kuuelewa, aliuelewa hapo. Akaivua kofia ya zambarau. "Hata mimi, baba," alisema akimrudishia, "nilikuwa nakushikia."

*

Hati ilitiwa sahihi kwa wakati, na uhamisho wa nyumba ukaanza. Dada muuguzi na mhasibu mmoja mstaafu asiye ndugu ndio wadhamini. Sajenti aliandikwa kuwa mwenye haki ya kuwauliza kila mwaka, na mhasibu alikuwa tayari ameanza kumwogopa. Mwalimu mkuu alimwoza binti yake ndani ya suti yake mwenyewe, na wanasema mshereheshaji alifanya kazi nzuri, ingawa alivaa fulana.

Asubuhi ya upasuaji walikaa kwenye viti vya chuma vya hospitali. Bosi alikuja wa mwisho, na mtaa wote usingemtambua. Alikuwa na shati jeupe la kawaida, bado lina mikunjo ya kutoka dukani. Mama yake ndiye aliyemnunulia. Chukua alimsogelea kaka yake, akafungua kola kwa vidole viwili, akatazama.

"Halina uzi."

"Ni langu," Bosi alisema.

Muuguzi wa zamu alikuja na kiti cha magurudumu. Akamwambia Mama Dobi avue mapambo yote, hereni, mkufu, pete. Pete ya ndoa iligoma kwanza, kisha ikatoka. Mama Dobi akabaki ameishikilia, akitazama huyu na yule, mkubwa na shati lake jipya, Sajenti na goti lake.

Chukua alikinga kiganja.

"Nikushikie, Mama?"

Mama Dobi alimtazama kwa muda. Kisha akaiweka pete katika kiganja kile ambacho maisha yake yote hakikuwahi kubaki na kitu.

"Pete nzuri hiyo," muuguzi alisema kwa wema, akigeuza kiti.

Bosi alipiga hatua moja, Sajenti akamshika mkono. Chukua alimtazama muuguzi, akaitazama pete, na midomo yake ikaanza kulitafuta lile neno lake. Kisha vidole vikajifunga, kimoja kimoja, mpaka pete haikuonekana.

"Si yangu," alisema. "Ni ya mama. Nitamrudishia mlangoni."

Akavuta kiti, akakiweka mbele ya mlango wa upasuaji, akakaa na ngumi yake magotini kungoja.